Ombi la Bibi Yangu Kufa Mara ya Tatu

Kwako Mheshimiwa Meneja wa Utumishi,

Shikamoo. Mimi ni mpakiaji wa mifuko ya unga, zamu ya asubuhi, yule mnayemwita Mgongo. Shule niliishia darasa la tano, basi makosa ya mwandiko unisamehe. Makosa mengine nitayataja mwenyewe.

1. Jumatatu mimba ya mke wangu iliharibika, ya miezi mitano. Yeye yuko nyumbani, safari ya siku nzima kutoka hapa. Niliomba siku tatu za msiba. Kwenye fomu, jina la marehemu sikuwa nalo. Tarehe ya kuzaliwa nikaandika "bado". Karani wako akasema asiyezaliwa hafi.

2. Simlaumu karani. Kwa miaka miwili nimemuua bibi yangu mzaa baba mara mbili, kwanza kwa presha, kisha kisimani, maana nilikuwa nimesahau ile presha. Ya kwanza nililala, ya pili nilitazama mpira. Mara zote nilipewa siku tatu, na wewe mwenyewe ulinishika bega na kuninunulia soda. Sijawahi kufarijiwa vile kwa jambo la kweli.

3. Mashine ya kushona mifuko ilipokufa, ilifungwa kitambaa chekundu ikapumzishwa wiki nzima ikingoja kipuri. Juzi nilijifunga kitambaa hicho shingoni nikakaa kando yake. Msimamizi alinifukuza, eti mimi sina kipuri kinachosubiriwa.

4. Mke wangu amegeukia ukutani. Nikipiga simu napewa dada yake. Kwa kuwa kiwanda kinatambua vifo vya bibi na mashine tu, naomba kwa unyenyekevu bibi afe tena. Ni mzima wa afya, wala sidhani atakataa. Mjukuu ni mjukuu.

Nisalimie karani, msimamizi, na mashine kama imeshapona.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye mgongo mzima na mdomo mrefu,
Mpakiaji, mlango wa pili.

Nyongeza: Nimemsomea bibi barua hii kwa simu. Amekataa kufa. Amesema amekufa vya kutosha kwa uvivu wangu, na kwamba yeye ndiye aliyempokea mtoto, akamkunja kwenye shuka lake, akamzika nyuma ya nyumba. Alikuwa wa kike. Mimi sikuwa nimeuliza.

Basi futa yote, ubakize namba moja. Fomu nayo iongezewe mstari wa wasiozaliwa, maana zamu yetu ina mabibi wengi waliokufa bure. Kwangu, penye marehemu, andika: binti yake Mgongo.