Kochi la Siku Saba

Jumatatu, 4 Mei
Kochi jipya limefika! La watu watatu, rangi ya kahawia. Mke wangu amekaa. Kriiik! Tumelipindua: mguu wa nyuma una ufa, umezibwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Matapeli! Mke amesema nilirudishe haraka, bila maneno mengi. Mama yake anakuja Jumamosi. Mara ya mwisho tulimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaapa kwamba akiikuta tena ndoo hiyo ataondoka na binti yake. Yule mama hana utani.

Jumanne, 5 Mei
Nimeingia dukani nimejiandaa kwa vita. Haki za mnunuzi! Mahakama! Meneja, mama mpole wa miwani, akasoma risiti, akasema pole, kosa ni letu, ndani ya siku saba tunabadilisha. Kesho lori litaleta jingine. Hotuba yangu yote ikaenda bure. Haki inayokuja kirahisi hivyo ina walakini. Wanaogopa kitu hawa! Na pale dirishani nimeliona kochi la kona, na stuli yake ya kuwekea miguu. Nimemwambia asubiri kwanza. Nyumbani nimesema lori lina pancha.

Jumatano, 6 Mei
Mpango huu hapa. Ufa ni kasoro tu. Mtu akianguka, hilo ni jeraha, na fidia ya jeraha ni kochi la kona. Nimemwalika jirani, tunamwita Tani Moja, aliyeazima ngazi yangu mwaka jana na sasa anajidai ni yake. Amekaa. Nimebana pumzi. Kimya! Amejiegemeza saa tatu nzima, amemaliza biskuti zangu, kisha akasifu uimara wa kochi. Mke ameuliza habari za lori. Pancha ya pili, nimejibu.

Alhamisi, 7 Mei
Ufa unahitaji msaada. Mke alipokwenda kazini nimechukua msumeno. Kidogo tu. Nusu ya mguu. Haya, robo tatu. Nimemwita tena Tani Moja, amesema mgongo unamuuma. Siku anapohitajika!

Ijumaa, 8 Mei
Mke amempigia meneja mwenyewe, akaambiwa lori halina pancha, ni mimi niliyeomba kusubiri huku nikilikodolea macho kochi la kona. Hakunifokea, afadhali angefoka. Amesema tu mtaka yote hukosa yote. Lori linakuja kesho saa nne, mama yake saa sita. Naweza kupona bado. Nani huinama kutazama mguu wa kochi?

Jumamosi, 9 Mei
Mama mkwe amewahi! Saa nne kasoro dakika tano! Nimesimama mbele ya kochi mikono nimeitanua kama golikipa, na kwa hofu nimemwomba akae kwenye ndoo. Kwenye ndoo! Amenisukuma kwa kiwiko, akakaa. Kraa! Yu hai, ila kiuno. Palepale lori likafika. Fundi wa duka akapiga magoti, akagusa unga wa mbao kwa kidole. Nikasema ni mchwa. Akauliza ni mchwa gani hao wenye msumeno. Akanionyesha nyuma ya risiti: kilichoharibiwa na mnunuzi hakibadilishwi. Kochi jipya likaondoka likiwa bado kwenye nailoni yake, mke wangu akilisindikiza kwa macho hadi likapotea. Nimeona haya kwelikweli.

Jumapili, 10 Mei
Daktari amemkataza mama mkwe kusafiri kwa wiki tatu. Kwa hiyo haondoki na mtu! Nani mshindi? Yeye na mke wangu wamechukua chumba. Mimi nimebaki na kochi, ndoo ndiyo mguu wake wa nne. Mke akitaka kuniambia kitu humtuma mama yake apige kelele kutoka chumbani. Mchana nimeingia kuchukua shuka, mama mkwe akageuka, nikasikia: kriiik. Kitanda! Nimeitafuta risiti yake mpaka nikaipata. Dhamana ya miaka miwili, imebaki wiki moja! Upande wa nyuma sijausoma, macho yamechoka. Ila msumeno nimeshautia makali.