Kidole Gumba Changu na Safari ya Misungwi

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Naapa kuandika yote, hata ya aibu. Mwalimu wa Kiswahili anasema shajara yenye uongo ni insha tu. Haya. Mimi ni Akeyo, kidato cha pili, kwaya ya vijana, Kiseke. Jumamosi tarehe 20 kwaya inakwenda kwenye mashindano Misungwi. Gari lina nafasi chache. Kayamba inapigwa na mtu mmoja: mimi au Gladness. Mwalimu Gidion wa kwaya atachagua Jumapili hii. Mwaka jana nilibaki kufagia kanisa. Mwaka huu abaki Gladness na ufagio! Anatikisa kayamba kama anapepeta mchele. Mpango: nimeazima kayamba kuukuu ya kanisa. (Kuomba nitaomba baadaye.) Nafanya mazoezi nyuma ya banda la kuku tangu nitokapo shule hadi niitwe kula. Nguvu zote kwenye vidole gumba. Kuku wameacha kutaga. Hawajui muziki.

Jumatano, 3 Septemba
Kidole gumba cha kulia kimegoma. Maumivu yanaanzia chini yake na kushuka hadi kwenye kifundo cha mkono, upande uleule. Nimeshindwa kufungua kopo la mafuta. Nilipomwinua mdogo wangu Favour nililia kuliko yeye. Mama anasema ni simu. Sina simu! Akamwita Mama Teodora, jirani aliyekwisha kukanda nusu ya mtaa. Maji ya moto, chumvi, kisha akakivuta kidole kama anang'oa muhogo. Kikalia ko! Akatangaza: “Mshipa umerudi mahali pake.” Kwa Mama Teodora mwili mzima ni mshipa mmoja mrefu. Jioni pamevimba kama andazi. Akaulizia kuku wake wa shukrani.

Ijumaa, 5 Septemba
Nikiumwa mimi, na Gladness aumwe. Ni haki. Nilimwambia, kwa sura ya kilokole, kwamba Mwalimu Gidion anawapenda wanaofanya mazoezi kwa kutikisa kopo lililojaa kokoto. Akanikumbatia! Akasema, “Asante, shosti, wengine wangeninyima.” Leo nimemchungulia. Mabega yamelegea. Kila ubeti anapumzika, anakunywa maji, anacheka na dada zake. Uvivu mtupu! Na mdundo wake umekuwa mzuri. Inaudhi sana.

Jumapili, 7 Septemba
Nilifunga mkono kwa kitambaa cha kitenge ili waone ni mapambo. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Nilihisi moto kwenye kifundo lakini nilitabasamu. Ubeti wa pili kayamba iliniponyoka, ikaruka, ikatua mapajani kwa mama mchungaji. Kwaya haikusimama. Gladness alitembea, akapiga goti, akaiokota, akaendelea palepale nilipoishia! Kujionyesha tu. Josephat wa ngoma akaniuliza kama kwetu kayamba huwa zinarushwa. Mwalimu Gidion akamchagua Gladness. Kwangu alisema, “Binti, huo mkono upeleke hospitali.” Nililia chooni kidogo, nikanawa uso.

Jumanne, 9 Septemba
Hospitali. Mtaalamu wa viungo ni dada mmoja, Nusrat. Akaniambia nikunje kidole gumba ndani ya ngumi, kisha niinamishe ngumi kuelekea kidole cha mwisho. Niliona vimulimuli mchana kweupe! Akasema ndiyo hiyo. Si mshipa. Ni kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa. Mbili za kidole gumba hupita kwenye njia nyembamba hapo kwenye kifundo. Ukizichosha, njia hubana, kama uzi wa kaptura uliokwama kwenye pindo, na kila ukivuta zinasuguana. Dawa: kifaa kigumu cha kushikilia kidole na kifundo, barafu ndani ya kitambaa, dawa ya kupaka, na kupumzika. Mazoezi mepesi baadaye. Wengi hupona hivyo. Wasiopona huchomwa sindano, wachache sana hupasuliwa. Hakuna kuvuta kidole, hakuna kayamba. Wala kukamua nguo na kupara samaki! Kaka yangu Ooko amepara sato wote leo huku akinitazama vibaya. Mwisho dada Nusrat alisema, “Mdogo wangu, mkono hauna kosa. Unaulazimisha mno. Ukichoka, acha.” Nimeyaandika maneno hayo kwa wino mwekundu na kuyabandika ukutani.

Jumapili, 14 Septemba
Habari njema! Mpiga manyanga amehamia Kamanga na wazazi wake. Manyanga yanapigwa kwa mkono mmoja. Nilimfuata Mwalimu Gidion nikiwa na kifaa changu, nikamwonyesha kwamba wa kushoto mzima kabisa. Aliwaza. Akasema nafasi ni yangu, ila nipige taratibu, wa kulia upumzike. Nakwenda Misungwi! Gladness akapiga vigelegele, akasema tutakaa kiti kimoja. Nani amemwomba?

Alhamisi, 18 Septemba
Sasa lazima manyanga yasikike kuliko kayamba. Maneno ya ukutani ni mazuri, nayaheshimu, lakini yanahusu mkono wa kulia. Kwa hiyo tangu Jumatatu nimerudi nyuma ya banda la kuku na kupiga kwa kushoto hadi giza. Leo asubuhi nimeshindwa kushika mswaki. Nikakunja kidole gumba cha kushoto ndani ya ngumi, nikainamisha. Vimulimuli. Mama hajui, Mwalimu Gidion hajui, na Gladness hatajua kamwe. Nimechukua simu ya mama na kumwandikia dada Nusrat kwa namba iliyo kwenye kadi yangu ya hospitali, nikibonyeza kwa kidole cha kati: “Shikamoo dada. Ni Akeyo wa kano. Gari linaondoka keshokutwa alfajiri, naomba unijibu leo hiihii: kile kifaa, naweza kukihamishia kushoto nikapiga manyanga kwa kulia?”