Lenzi ya Akiba

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tatu ya ndoa! Laazizi wangu alinichemshia chai, akasahau sukari. Nikainywa yote huku nikimtazama. Ilikuwa tamu.

Doa ni moja tu: ile picha. Iko sebuleni kwa mama mkwe, juu ya televisheni, ndani ya fremu ya dhahabu. Laazizi anang'aa kama waziri aliyeapishwa leo. Kando yake mimi, macho nimefumba, mdomo wazi, nasubiri chafya. Mpigaji ni wifi yangu, kwa simu yake mpya. Anasema nimetoka vizuri, kiasili kabisa. Ahsante, wifi.

Nimemsihi mama mkwe aishushe. Akasema, lete nzuri zaidi, mwanangu, hii itashuka siku hiyohiyo. Jumapili ukoo mzima unakuja kumwona bibi harusi. Watamkuta amelala.

Jumanne, 5 Machi
Dawa imepatikana! Kwenye dirisha la duka la kamera kuna picha ya bibi mmoja, kope zake zinahesabika. Mzee wa duka akasema ni kazi ya filamu pana, ambayo kila picha ina ukubwa wa biskuti. Simu ya wifi itafute pa kujificha.

Akaniwekea kamera tatu mezani. Ya kwanza tofali. Ukiiangusha unatengeneza sakafu. Ya pili inakunjuka kama kinanda cha mkono, na umbali unakadiria mwenyewe. Laazizi wangu hakadiriwi! Ya tatu kisanduku chenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, zimeegemeana kama maharusi. Moyo ukayeyuka.

Mzee alishauri nianze na ile ya kukunjua. Nilipokataa, akaanza kueleza kazi ya kila lenzi. Nikamwambia asichoke bure, mimi naelewa upesi. Fedha za mapazia zimepata kazi ya heshima.

Alhamisi, 7 Machi
Laazizi ameuliza mapazia yako wapi. Nikamwambia mapenzi yetu hayana cha kuficha. Akatundika shuka.

Nimeichunguza kamera. Unachungulia kwa juu, na lenzi ya juu inaonyesha kila kitu safi. Ya chini ni ya akiba, kama tairi la gari. Isishike vumbi, nimeifunika kwa utepe mwekundu wa harusi yetu, na fundo la maua. Inapendeza mno!

Tatizo dogo: humo ndani kulia ni kushoto. Nilimtuma Laazizi kulia, akatokea upande mwingine. Nikamkaripia. Akauliza kwa upole kama ni kulia kwake au kwangu. Mume gani huyu!

Ijumaa, 8 Machi
Tumepiga picha uani kwa mama mkwe, ili ashuhudie. Wifi akauliza ule utepe wa nini. Nikamjibu kuwa mambo ya kitaalamu yana taratibu zake. Akasema haya, mtaalamu, akasimama pembeni na kisimu chake, anachekacheka.

Picha kumi na mbili, mkanda mzima. Kila mara nainama, nachungulia, nategesha kitufe cha kusubiri, nakimbilia kwa Laazizi. Mara moja nilipitia ndani ya beseni la nguo. Lakini sikupepesa! Machozi yalitoka, kope hazikushuka.

Jumamosi, 9 Machi
Mzee amesafisha mkanda. Mtupu! Unapitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Akauliza nilifunika lenzi ipi. Nikasema ya akiba. Akavuta kiti, akaketi. Eti ya juu ni ya kuonea tu, ya chini ndiyo inayopiga picha. Eti ndicho alichokuwa ananieleza Jumanne. Sasa mtu mzima anakatizwa mara moja tu ananyamaza?

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe ni mtu wa ahadi. Picha ya chafya imeshuka. Ndani ya fremu kuna mpya, imeletwa na wifi: Laazizi amesimama wima, anatabasamu. Mbele yake kuna kiumbe kimeinama, kichwa kimezama ndani ya kisanduku chenye utepe. Safari hii sina hata macho ya kufumba.

Mashangazi wakauliza bibi harusi yuko wapi. Wifi akawaonyesha mstari wa nywele zangu utosini. Wakasema zimetunzwa.

Laazizi akaninong'oneza kwamba angeutambua utosi huo kati ya elfu. Nikausamehe ulimwengu wote. Isipokuwa simu moja.

Jumanne, 12 Machi
Nimeibadilisha kwa lile tofali. Lenzi moja tu, hakuna wa kunihadaa! Mzee akanionyesha kibati chembamba kilichochomekwa mbele ya filamu, kimeiziba yote, akaanza: hiki, mama, kabla hujapiga, sharti u... Nikamkatiza. Kinakinga vumbi, naona mwenyewe.

Nimefika nyumbani, nimekibandika kwa gundi kisije kikachomoka.