Taa za Chini ya Kabati la Amoit

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Amoit amejikata tena. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Mara ya tatu tangu tuweke kabati za jikoni mwezi wa Desemba. Kabati ni nzuri, nilizichagua mwenyewe, lakini zimening'inia juu ya meza ya kukatia mboga, na balbu iko katikati ya dari. Mke wangu akisimama kukata vitunguu, mgongo wake unaziba mwanga, kabati zinaziba ule uliobaki, naye anakata kwa kubahatisha.

Amesema anataka taa ndogo tu chini ya kabati, kabla ya Jumamosi. Amesema bila hasira. Afadhali angekasirika.

Jumamosi mama mkwe anakuja. Mara ya kwanza tangu tujenge hapa Malaba. Anatimiza miaka themanini mwezi wa Agosti na kutakuwa na misa ya shukrani. Anakuja kuangalia kama ifanyiwe hapa kwa Amoit, kifungua mimba wake, au kule Adungosi kwa Apeduno, mdogo wake. Amoit anaitaka hiyo misa tangu mwaka juzi. Hasemi, lakini sahani ameshanunua.

Shida yangu ni hii. Mimi na mama mkwe hatukai chumba kimoja. Ndiyo desturi yetu Wateso na sijawahi kuilalamikia. Yeye akiingia, mimi natoka. Atakaa jikoni na binti yake tangu asubuhi mpaka aondoke. Sebule yangu yenye viti vya ngozi hataiona. Kwa mama mkwe, nyumba yangu yote ni jikoni.

Na kule Adungosi, mwanyumba wangu Etyang, mume wa Apeduno, tayari ana taa chini ya kabati. Mama mkwe amezisifu mpaka kanisani.

Nimechoka, na wiki ndiyo inaanza.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefunga duka langu la fotokopi saa nne nikaenda Adungosi kupeleleza. Etyang ni daktari wa mifugo, kwa hiyo nilijifanya nina ng'ombe mgonjwa. Akaniuliza ng'ombe ana umri gani, anakula vipi, kinyesi chake kikoje. Nilijibu yote. Nilishangaa nilivyokuwa na mengi ya kusema kuhusu huyo ng'ombe.

Kisha nikasema nina kiu, nikaingia jikoni mwao. Taa ni kamba nyembamba tu, imebandikwa chini ya kabati. Etyang akanifuata na glasi ya maji na kunieleza bila kuulizwa. Eti ukichagua nyeupe sana, ile ya bluu bluu, nyama inaonekana kama imelala siku tatu. Eti chagua yenye umanjano kidogo. Eti ibandike mbele, karibu na mlango wa kabati, kwa sababu ukiiweka nyuma inapiga vigae na kukurudia machoni. Akasema amebaki na kipande cha kutosha jikoni kwangu pamoja na kigeuza umeme chake, nichukue tu.

Nichukue makombo ya Etyang! Mama mkwe aje aone taa ileile, ajue imetoka wapi! Nikamwambia asante, mimi mipango yangu iko mbali.

Nimerudi na chupa ya dawa ya ng'ombe.

Jumatano, 9 Aprili

Busia, dukani kwa Everline, anayeuza vifaa vya umeme karibu na stendi. Mama mpole. Alinitandazia kamba tatu juu ya kaunta: nyeupe, ya manjano, na moja ya rangi zote yenye rimoti. Akauliza kabati zangu zina urefu gani. Sikuwa nimepima. Nikamwambia ni kama urefu wa Amoit akiwa amelala. Akaniambia kwa upole kwamba hauzi kwa kipimo hicho.

Akasema wengi huchukua ya manjano, hata daktari mmoja wa ng'ombe wa Adungosi alichukua hiyo.

Sikununua kitu. Nimerudi Malaba nikiwa nimelowa, maana mvua ilinipata njiani. Amoit aliuliza taa iko wapi. Nikasema inakuja. Aliendelea kumenya viazi huku ameshika simu yake kwa meno, tochi ikiwaka. Nilijisikia vibaya sana, kisha nikapata wazo.

Alhamisi, 10 Aprili

Wazo lenyewe: nani anajua taa kuliko watu wa malori? Mimi naishi Malaba. Malori yanasimama mbele ya duka langu tangu asubuhi, foleni inaanza mpakani na mwisho wake siuoni. Kila lori limevaa taa kuliko arusi. Na mimi nahangaika Busia!

Nikatembea kando ya foleni mpaka nikampata Opolot, Mganda wa makamo anayeuza vipuri vya malori kutoka kwenye katoni. Nikamweleza shida ya Amoit. Alisikiliza vizuri. Akasema, "Ssebo, hizo za nyumba ni za watoto. Chukua hii. Hii utaonekana mpaka Tororo."

Akatoa mche mmoja wa taa, wa futi sita, mzito, una kioo chake na mpira wa kuzuia maji. Hata mvuke wa ugali hauwezi kuingia. Akaujaribu kwenye betri ya lori saa sita mchana, jua kali, na bado nilifumba macho. Una waya tatu: mweusi, mweupe na wa njano. Akasema kwa kawaida hukaa ubavuni mwa trela.

Nilimuuliza kama unafaa jikoni. Akasema jikoni hakutembei, kwa hiyo utadumu zaidi. Sikuona kosa katika hilo.

Ijumaa, 11 Aprili

Amoit alikwenda mazoezi ya kwaya, maana Jumapili ni ya Matawi. Nikamwita fundi Protus.

Protus ameutazama mche muda mrefu. Akasema huu unakula volti ishirini na nne, nyumba haina hiyo. Akauliza kwa nini nisinunue ile ya kawaida. Kila mtu mjini anataka niwe na taa kama ya Etyang. Nikamwambia aniletee betri mbili za lori. Amezileta kwa mkokoteni, akaziunganisha, akaziweka kwenye kabati ya chini, ambako Amoit huweka sufuria. Sufuria nimezihamishia chumbani kwa muda.

Protus alitaka kufunga mche mbele. Nikasema nyuma, ukutani kabisa, kwa sababu Etyang ameweka mbele. Ameunganisha mweusi na mweupe, akaweka swichi. Tulipowasha, vigae viliwaka, dari ikawaka, hata kuku aliyekuwa mlangoni alirudi nje.

Nikauliza waya wa njano je. Akasema, "Boss, hiyo wacha." Hakunieleza sababu. Ameondoka akitikisa kichwa. Watu wa kazi ndogo hutikisa kichwa mbele ya kazi kubwa.

Amoit alipofika nilimwonyesha. Alijikinga macho kwa kiganja. Lakini akaweka ubao wake pale, akakata kitunguu kizima bila kuinama, akasema kweli anaona. Kisha akauliza sufuria ziko wapi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika haraka.

Nililala nikiwaza waya wa njano. Kama waya mmoja unatoa mwanga ule, waya wa pili utatoa mara mbili. Saa mbili asubuhi nikaingia chini ya kabati na bisibisi, nikauunganisha. Kabla sijajaribu nikasikia sauti ya mama mkwe mlangoni. Walikuwa waje saa nne! Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikitambaa, nikakaa juu ya jerikeni chini ya dirisha la jikoni. Kurudi ndani kwa mlango wa mbele, upande wa barabara, ningepita mbele yake. Basi nikakaa.

Saa tatu mawingu yakafunga. Mvua ikaanza. Nikasikia Apeduno, aliyemleta mama yake, akisema kuna giza. Amoit akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari, kwamba ngoja awaonyeshe kitu Baba Ekisa, yaani mimi, amemwekea.

Akawasha.

Niliona kwenye matone ya mvua dirishani. Njano. Inakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, inazima, inaanza tena. Na vigae vinairudisha. Waya wa njano ni wa kuashiria lori linakata kona.

Kisha mama mkwe akauliza taratibu, "Amoit, hii jikoni inakata kona inaenda wapi?"

Nikageuza uso kutazama ua, kama inavyotakiwa, nikaanza kuelekeza kupitia dirishani. Vuta waya wa njano. Wa njano! Amoit akasema kwa taa hiyo kila kitu ni cha njano. Akavuta mweusi. Giza kabisa. Nikasikia kisu kikianguka, halafu Amoit akasema "aih", kidogo tu, na bomba la maji likafunguliwa.

Amejikata mara ya nne. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na sikuweza kuingia. Sijawahi kujichukia vile.

Kisha nikasikia mama mkwe akitoa amri. Apeduno akatumwa dukani ng'ambo ya barabara. Akarudi na tyubu ya taa ya kawaida ya futi mbili yenye plagi. Wakaitundika kwa misumari chini ya kabati, mbele. Haikuchukua dakika kumi. Mwanga mzuri, wa utulivu. Wakapika.

Saa nane Etyang akaja kuwachukua. Naye ni mkwe, naye hawezi kuingia. Akazunguka nyuma, akanikuta, akasimama nami chini ya paa na mwavuli wake. Akauliza ng'ombe anaendeleaje. Nikasema amekufa. Akanipa pole ya kweli, akanishika bega. Sikuwa na nguvu ya kukasirika.

Ndipo mama mkwe akasema, kwa sauti ya kutufikia, lakini akimwambia Amoit kama inavyofaa: "Mwanangu, misa itakuwa hapa kwako. Umepika na kidole kimefungwa na hukulalamika. Lakini mwambie mwenye nyumba, mambo yote ya taa siku hiyo ni ya Etyang. Yeye asiguse hata kiberiti."

Amoit alilia. Nilimsikia akicheka na kulia pamoja. Etyang akaniangalia na kusema atahitaji kupima ua.

Jumapili, 13 Aprili

Tumetoka kanisani na matawi yetu. Amoit amekata kabichi chini ya tyubu ya Apeduno akiimba wimbo wa maandamano. Vidole vyake vyote vilikuwa mbali na kisu. Nilisimama mlangoni nikafurahi, nakubali. Anaitaka misa na ameipata.

Sufuria zimerudi mahali pake. Betri ziko nje chini ya turubai.

Nimefikiria sana. Kosa lilikuwa waya wa njano, si mche wenyewe, na hakika si mimi. Tyubu ni futi mbili, kabati ni futi sita. Upande wa sinki bado kuna kivuli. Na Etyang amesema atakuja Agosti na kamba zake za manjano, azifunge kwenye ua wangu, mbele ya padri na kijiji kizima.

Nimempigia Opolot. Anasema ana taa ya trela ya samaki, ya juu ya bodi, waya ni mbili tu, na inazunguka.

Nimemwambia alete nne.