Keki ya Mkurugenzi na Mashine ya Daktari Jagna

Jumatatu, 30 Septemba
Siku ya jina la Mkurugenzi Hieronim, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jina lake. Kwa desturi mwenye siku ndiye huilisha ofisi. Akaleta keki ya jibini, akaikata mwenyewe. Kipande changu ungeweza kusoma gazeti kupitia kwacho! Nikapiga chapa beti mbili za kuisifu keki kwa wembamba wake. Bila jina. Nikazibandika ukutani, juu ya birika la chai. Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka kuliko wote, nisishukiwe.

Jumanne, 1 Oktoba
Mkurugenzi hakucheka. Mtunzi akijulikana, kazi hana! Amemwita Daktari Jagna wa ghorofa ya juu, ambaye kompyuta yake humtambua mtu kwa uandishi wake. Kila karani apeleke ripoti zake zilinganishwe na beti zile. Bi Zenobia wa meza ya jirani akauliza mbona natetemeka kama samaki wa kwenye jeli. Nikasema baridi. Akasema, “Baridi gani, mwanangu, na umekumbatia birika?”

Jumatano, 2 Oktoba
Mpango! Nimeandika upya ripoti zangu kwa mtindo wa Bi Zenobia: methali kila aya, sentensi ndefu kama treni ya Gdańsk. Nikampelekea Daktari. Nikauliza, kwa udadisi tu, kama mashine huhadaika. Akacheka. Methali ni mavazi, akasema. Mashine huhesabu vijineno tusivyovihisi tukiandika: na, kwa, tu, lakini. Huo ndio mwendo wa mtu, na mwendo haufichiki. Akanionyesha mchoro wa waandishi waliokufa zamani, kila mmoja na kijiji chake cha nukta. Ajabu tupu! Nilitaka kupiga magoti. Kisha nikakumbuka mshahara wangu.

Alhamisi, 3 Oktoba
Hukumu. Tumesimama wote. Daktari akasema beti mbili hazitoshi, mashine haiwezi kumtaja mtu. Ingepata kurasa ishirini, ingemtaja papo hapo. Nimeokoka! Mkurugenzi akaguna, “Basi, Bi Daktari, mashine yako nayo ni birika tu, ila lina skrini.” Watu wakacheka. Daktari akatazama viatu vyake. Roho ikaniuma.

Ijumaa, 4 Oktoba
Siwezi kuvumilia. Mashine ile itukanwe na mtu wa keki ile? Natunga shairi la kuitetea, pamoja na neno moja au mawili kuhusu keki. Nimefika ukurasa wa kumi na tisa, na bado nina mengi. Jumatatu nalibandika juu ya birika. Bila jina, bila shaka. Mimi si mjinga.