Nilivyompa Kiden Mbuzi wa Bingwa wa Gofu

Nimeaibika leo, na ubaya zaidi nilikuwa nimeshika maikrofoni.

Mnajua niko Juba tangu mwaka jana, nafundisha shule ya msingi huku New Site. Wiki tatu hizi nimekuwa mwalimu wa michezo, kwa majaribio. Mwalimu mkuu, Mama Keji, alirudi kutoka ukimbizini Uganda na hapendi utani (hata kwenye michezo). Aliniambia siku ya mgeni ndiyo itakayoamua kama nafasi ni yangu au nirudi darasani. Siku yenyewe ni leo. Mgeni mwenyewe ni Madam Isla, Mskoti, zamani mchezaji gofu wa kulipwa, siku hizi yuko na watu wanaochimba visima hapa mjini.

Jana Mama Keji alinipa karatasi ambamo mgeni aliandika historia yake ya uchezaji, nitayarishe hotuba ya kumkaribisha.

"Ustaz, wewe iko najua hii mchezo?"

Nikamjibu kwamba gofu naifahamu sana. (Nilishapita kando ya uwanja wa gofu kule Kitale. Kwa baiskeli.)

Nikakaa na ile karatasi. Jamani, nilimhurumia huyu mama! Mashindano yake ya kwanza amepata sitini na sita, na pembeni kaandika hasi sita. Hasi! Kwangu mtoto akipata chini ya sifuri naita mzazi. Mwaka uliofuata, hasi nne. Baadaye nikaona anaanza kuamka: sabini na tano, sabini na nane. Mwisho kabisa themanini na tatu, halafu kaandika, "Hapo nikaacha." Nikaelewa kila kitu. Alianza vibaya, akajikaza, akastaafu akiwa kileleni. Mgeni haumbuliwi mbele ya watu, kwa hiyo zile hasi zote nikazifuta kwenye hotuba. Kwa huruma yangu tu.

Asubuhi wazazi wamejaa, jenereta inanguruma, mimi nimevaa tai. Nikasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Nikasema miaka yake ya kwanza tusiizungumzie sana, kila mtu ana mwanzo mgumu. Kisha nikapaza sauti: siku yake ya mwisho, themanini na tatu! Nikawaomba wazazi wasimame. Wakasimama. Akina mama wakapiga vigelegele, nikawaambia havijatosha, wakarudia. Madam Isla akainama akawa anatazama viatu vyake. Nikadhani ni unyenyekevu. (Nikawaeleza watoto wauige unyenyekevu huo. Kwenye maikrofoni.)

Ikafuata mechi ya kirafiki. Tulikuwa tumefukia kopo la maziwa ya unga katikati ya uwanja liwe shimo. Madam Isla apambane na Kiden, msichana wa darasa la sita ambaye hajawahi kugusa fimbo ya gofu maishani.

Madam akapiga mara moja, mpira ukaenda ukasimama hatua mbili kutoka kwenye kopo. Akapiga tena, ukaingia. Mbili tu! Nikamsogelea nikamwambia asijali, jua la Juba ni kali na huwalegeza wageni wengi. Akanipa fimbo nimpelekee Kiden.

Kiden akaanza. Pigo la kwanza lilikata hewa. La pili lilipiga kiti cha plastiki. Mimi nahesabu, wazazi wanahesabu pamoja nami, kila pigo sauti inapanda. Mpira ulipoingia kwenye kopo tulikuwa tumefika kumi na moja. Kumi na moja kwa mbili! Nikatangaza kwamba mtoto wetu amemshinda bingwa wa dunia. (Dunia niliongeza mwenyewe.) Kisha nikamfungua mbuzi tuliyemnunulia mgeni kama zawadi, nikampa Kiden kamba. Mama yake hakungoja hotuba. Aliondoka na mbuzi pale pale.

Muda wote huo kuna mtu alikuwa ananivuta shati. Ni Okello, Mganda mwenye duka mkabala na shule. Kumbe aliwahi kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu Entebbe.

"Mwalimu," akasema, "ile mchezo, mtu napiga kidogo ndiyo nashinda. Wewe nasifu siku yake ya kuanguka."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Uwanja mzima ulisikia. Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tangu nizaliwe. Nilitamani ardhi inimeze, lakini palikuwa na shimo moja tu, tena la kopo.

Madam Isla akaomba maikrofoni. Nikajua kazi imekwenda. Na anayetafsiri ni nani? Mimi. Nikamsikia akieleza kwamba siku ile ya themanini na tatu alilia peke yake ndani ya gari, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumpa mkono. Miaka yote amekuwa akiona haya kuitaja.

"Leo ni mara ya kwanza watu kusimama na kunipigia vigelegele kwa ajili ya siku ile," akasema.

Alikuwa anacheka huku anafuta macho. Mimi nilitafsiri nikiona aibu na furaha kwa pamoja, sijui hata ipi ilizidi. Wazazi wakasimama tena, safari hii bila kuombwa.

Baadaye Mama Keji akaniita pembeni. Nilishaanza kufungua tai.

"Ustaz, kazi iko yako, mgeni naomba hivyo. Lakini alama za michezo kuanzia leo, Kiden ndiyo nahesabu, wewe hapana."

Nikauliza kuhusu mbuzi. Kalas, akasema, yaani imekwisha, yule ameshafika kwao mtaa wa Jebel na sufuria iko motoni.

Basi jamani, msinicheke. Na mkishindwa kujizuia, chekeni mara mbili tu. Mwenye chache ndiye bingwa.