Kompyuta Iliyohitaji Breki

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimeanza kazi kubwa. Naiandika kabisa, asije mtu akadai baadaye kwamba alinisaidia.

Chuo cha reli kimemwita binti yangu kwenye usaili. Ijumaa hii, saa nne asubuhi. Usaili wenyewe ni wa kwenye kompyuta: wao huko kwao, yeye hapa kwetu, mnaonana kwenye skrini. Anataka kuendesha treni. Treni! Damu yangu hiyo. Mimi ni mwalimu wa udereva, na nusu ya watu wanaojua kurudi nyuma katika mji huu wamepita mikononi mwangu. Hiyo nusu nyingine ndiyo inayosababisha foleni.

Tatizo ni kompyuta yetu. Imechoka. Ukiiwasha unaweza kunywa chai, ukasuuza kikombe, ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anauza kompyuta dukani na hataki mtu asahau. Alipita mchana, akaitazama kama mgonjwa mahututi, akasema binti akafanyie usaili kwake. Eti ana kompyuta mpya na sebule tulivu. Mwanangu ahojiwe kwenye sebule ya watu, na baba yake yu hai na bisibisi anazo?

Nilimwambia asante, sitaki. Nilisema kwa upole. Mke wangu anadai majirani walisikia.

Hatua ya kwanza nimeimaliza jioni hii hii. Kasha la kompyuta lilikuwa limesimama juu ya meza, likiyumba kila mlango unapofungwa. Mimi najua magari: gari lililo chini ndilo lililotulia. Nimelilaza kasha sakafuni, chini ya meza, uso wake ukitazama miguu yangu. Meza imepata nafasi. Tena siinami! Kitufe cha kuwashia ni kikubwa, cha duara, nakibonyeza kwa kidole gumba cha mguu wa kulia nikiwa nimekaa zangu. Niliwaita waje waone. Binti alipiga makofi. Mke wangu aliuliza kama chakula nacho nitakilaza chini, kisha akarudi jikoni.

Jumapili, 4 Mei

Kumbukumbu! Ndiyo iliyokuwa inaisumbua. Kichwa kidogo, mambo mengi. Nimenunua kipande cha kuongezea, na nimekinunua kwenye duka linalotazamana na la Shemeji ili anione nikitoka na mfuko.

Kuchomeka ni kazi ndogo kwa mtu aliyewahi kushusha gia boksi. Nilipowasha ikalia pii, pii, pii, na skrini nyeusi tii. Binti akatazama kwenye simu yake, akasema labda hakijaingia sawasawa. Nikamwambia hilo ndilo nililokuwa nikilifikiria. Nikakisukuma, kikalia ka! Ikawaka.

Na ikawaka kweli. Kufumba na kufumbua iko tayari. Kwa raha nikafungua picha za familia, zile zilizokuwa zikija kwa kujikongoja. Leo zilikuja mbio, moja juu ya nyingine, harusi, ubatizo, shangazi, mbuzi, zinanijia usoni. Puu. Imezima.

Nikawasha. Picha. Mbio. Imezima. Nikawasha tena, nikakaza macho, nikajiweka tayari. Imezima mapema zaidi.

Akakaa binti, miguu kaikunja juu ya kiti kama kawaida yake. Akafungua picha zote mpaka za mwisho. Haikuzima. Nikakaa mimi, ikazima.

Nimelala chali kitandani nikitafakari, na jibu limekuja. Binti anaibembeleza. Mimi naipeleka kazini. Ikikutana na mtu anayeijua kazi, inaishiwa nguvu. Kwa hiyo umeme unaoingia hautoshi. Kesho nashughulikia umeme.

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi nilikuwa na mwanafunzi mmoja, muuza maua. Mtu mpole, lakini akishika usukani anakuwa mwingine. Alilifuata lori lililoegeshwa kana kwamba wana miadi. Gari letu la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshakanyaga kabla macho hayajaniambia kwamba kuna lori. Mguu huu haungoji amri ya mtu. Bosi mwenyewe huwaambia wageni habari zake.

Ni mke wangu tu asiyeuthamini. Anasema nakanyaga hata mezani, mtu akipitisha bakuli la mchuzi kwa haraka, na kwamba mguu wa meza ya kulia chakula umelegea kwa sababu hiyo. Umelegea kwa sababu ya mbao mbovu.

Jioni nimebadilisha kisanduku cha umeme, kile kinachoulisha mtambo mzima, nikaweka kikubwa zaidi. Nimeongeza na feni. Inavuma mpaka pazia linacheza. Nilipofunga kasha nilibakiwa na skrubu tatu, maana yake nimeifunga vizuri kuliko waliotengeneza.

Nikaijaribu kwa mchezo wa mbio za magari aliouacha binti tangu utotoni. Nilikuwa naongoza! Kona ya kwanza, imezima. Lakini feni ilichelewa kidogo kusimama, na hayo ni maendeleo.

Jumatano, 7 Mei

Siku mbaya. Naandika kwa sababu mwanamume haogopi kuandika.

Nimeweka kamera mpya juu ya skrini na maikrofoni mezani. Kila kitu sawa. Tukakubaliana Shemeji anipigie kutoka kwake, tufanye usaili wa majaribio, mimi nikiwa kwenye kiti. Akatokea. Picha safi, mpaka chunusi zake. Akasema hanisikii, akajisogeza ghafla kwenye kamera yake, uso wote huo, unanijia kama lori. Imezima.

Nikawasha, akasogea, imezima. Mara ya tatu alinipigia simu ya kawaida. Aliniuliza, kwa ile sauti yake ya dukani, miguu yangu huwa naiweka wapi. Nikamwambia tunazungumzia kompyuta, hatuzungumzii viungo vyangu. Nikakata.

Wakati huo mke wangu alikuwa kapiga magoti karibu na meza, akitafuta sindano iliyoanguka. Akainuka polepole. Akasema, "Baba watoto, ni mguu wako. Nimeuona. Umefunga breki kwenye kitufe."

Nimewahi kutukanwa barabarani na watu wa kila aina, lakini ndani ya nyumba yangu! Nikawaeleza, nimesimama, kwamba mguu huu umeokoa mama wajawazito, mapadri, na mbuzi wengi tu wasiojua hata kushukuru. Mguu uliosomea usalama hauwezi kuwa hitilafu. Tena kasha halitoki pale chini. Lile ni wazo langu na limekaa kitaalamu.

Nilipomaliza, nilimtazama binti. Macho yamejaa machozi. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, naomba tu nikafanyie kwa mjomba."

Ni kama mwanafunzi aliyebakiza siku mbili kabla ya mtihani anaponiambia anataka mwalimu mwingine. Iliniuma. Nilisema tutaona, nikaenda kuosha gari ambalo halikuwa chafu.

Alhamisi, 8 Mei

Ushindi! Nilijua tu.

Nimerudi kazini nikamkuta Shemeji sebuleni, yeye na binti, wamechuchumaa chini ya meza yangu. Nilitaka kuwaka. Binti akaniwahi. Akasema alikaa akafikiria usiku kucha, na akaona mimi ndiye niliyekuwa sahihi: tangu nilipoongeza kumbukumbu, kompyuta inakwenda mbio mno. Na mashine inayokwenda mbio namna hiyo haiwezi kukosa breki.

Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyelelewa vizuri.

Basi wameniletea breki. Pedali yenyewe hasa, ya gari, na mpira wake juu, Shemeji kaitoa kwenye gari bovu la rafiki yake. Wameipigilia kwenye ubao, na waya mweusi unatoka nyuma yake unakwenda mpaka nyuma ya pazia. Binti akasema yeye atajibu maswali, lakini hatakuwa na nafasi ya kushughulikia mwendo, kwa hiyo anaomba kesho nikae kando yake nishike breki. Ila kasha itabidi lirudi mezani, maana pedali inahitaji nafasi.

Kwa kazi kama hiyo, kasha lirudi tu. Nililinyanyua mwenyewe.

Tumejaribu. Shemeji akatoka nje akapiga kwa simu yake, akajisogeza usoni mwangu kwa makusudi. Nikakanyaga. Kompyuta haikuzima! Inapunguza tu, kistaarabu, huwezi hata kujua. Nilimpa Shemeji mkono. Kijana ana akili akipata mtu wa kumwongoza. Yeye na binti walikuwa wakipepesana macho sana, nafikiri ni vumbi la chini ya meza. Nimemwambia mke wangu afagie, akacheka mpaka akakaa.

Ijumaa, 9 Mei

Usaili umefanyika. Kwangu. Sebuleni kwangu.

Nimevaa viatu vya kazini kwa ajili ya pedali. Kwenye skrini walikuwa wanawake wawili na mzee mmoja mwenye miwani. Mimi sikuonekana, nilikaa pembeni, mguu tayari. Walipouliza jina, nilikanyaga. Walipouliza hesabu za mwendo wa treni, nilikanyaga mara mbili. Binti alikuwa anajibu kama anayesoma. Koti la bluu la mama yake lilimkaa vizuri, nikaona jinsi alivyokua, sijui alikua lini.

Kisha mzee wa miwani akauliza lile la kutisha. Unaendesha, abiria mia tano nyuma yako, mbele unaona kitu kwenye reli. Hofu inakushika. Utafanya nini?

Binti akanyamaza. Kimya, kimya. Nikakanyaga mpaka ubao ukalia. Akainamisha macho, akautazama mguu wangu. Akatabasamu. Akasema, "Nitafunga breki kwanza, niogope baadaye. Nimekua kando ya mtu anayewafungia wengine breki kila siku, hata akiwa anakula."

Wote watatu wakacheka. Nafikiri kamera yangu iliwaonyesha vizuri sana jino la pembeni la binti, ndilo linalompendeza. Mzee wa miwani akaandika kitu. Muda wote huo kompyuta haikuzima hata mara moja, kwa sababu breki ilikuwa na mtu anayejua kuishika. Binti alinikumbatia. Nikamwambia asilie, ni ufundi tu.

Wale watatu walipotoka kwenye skrini, mke wangu akafunua pazia. Akanionyesha kwamba waya wa pedali haujachomekwa popote, ncha yake iko wazi, imening'inia. Nilimsikitikia. Ilibidi nimweleze taratibu kwamba siku hizi vifaa vingi havihitaji waya.

Jumatatu, 26 Mei

Barua ya chuo imeingia kwenye kompyuta leo jioni. Binti kaifungua, mimi kando yake, mahali pangu.

Kachukuliwa!

Mama yake akapiga kelele, wakakumbatiana, wakazunguka mpaka kiti kikaanguka. Shemeji akaja mbio, akawa anampongeza kila mtu kana kwamba yeye ndiye chuo. Nilijivuna, sifichi. Mtambo huu ni kazi yangu, na dereva yule ni kazi yangu. Nikawaacha na kelele zao nikaendelea kusoma, maana hao walikomea mstari wa kwanza.

Chini kabisa wameandika siku ya kuripoti. Tarehe mosi Juni. Hiyo ni Jumapili hii. Chuo kiko mwendo wa siku nzima, wanafunzi wanalala hukohuko, na likizo ya kwanza ni Desemba.

Jumapili hii! Mtu hajamaliza hata kuzoea.

Nikakanyaga. Nikaona haitoshi, nikakanyaga mpaka mwisho, kwa miguu yote miwili, nimeshika meza. Ubao ukalia. Barua iko palepale. Jumapili iko palepale. Binti akageuka akaniona, akaacha kucheka, akaja akaweka mkono begani kwangu.

Shemeji akauliza kuna nini. Nikamwambia ukweli: pedali ina hitilafu, haisimamishi kitu. Akajitolea kuitazama. Nilimwambia asante, sitaki.

Kesho naifungua mwenyewe. Bisibisi ninazo.